Siku Niliyotoa Breki ya Mtandao Kule Endebess

Kuna watu Endebess ambao mpaka leo wakiniona sokoni wananisalimia kwa maneno mawili tu, "usiambie mtu", halafu wanacheka mpaka wanashikilia meza za nyanya, na mimi nacheka nao kwa sababu nitafanya nini, lakini niwaambie ukweli, nikiyasikia yale maneno nageuka kwanza kuangalia nani mwingine amesikia, kicheko ndio kinafuata. Aibu ni yangu mwenyewe. Niliyaandika kwa vidole vyangu, yakasomwa na askofu, na mkuu wa chuo chetu, na wageni wa kaunti, na akina mama wa kanisa wote, na (hili nililijua baadaye) kuna ndovu mmoja aliyasikia yakiingia kwa simu, moja baada ya lingine, karibu sana na mamangu. Wacha niwahadithie vile ilikuwa, maana wale wanaonisimulia huko nje wanaongeza chumvi.

Mimi nafundisha mambo ya mitandao katika chuo kimoja cha ufundi Bungoma, lakini nyumbani ni Endebess, ambapo wazee wetu walihamia kutoka mkoa wa kati, Central, wakapata shamba, na mamangu yuko hapo mpaka leo na ng'ombe wake na mahindi yake. Sasa ukitoka Endebess ukipanda mlimani, ukishaingia msituni simu yako inakuwa tochi tu, hakuna mnara, hakuna netiwaki, ukipotea umepotea, na kila mtu wa huko anamjua mtu aliyewahi kupotea. Ndio mimi na Wafula, fundi wetu wa maabara, mtu wa Kimilili, mpole, anayeongea kama anayechagua maharagwe, tukatengeneza programu ya kuweka kwa simu ili simu ziongee zenyewe kwa zenyewe bila mnara. Yako inampa jirani ujumbe, jirani anampa jirani yake, hivyo hivyo mpaka unafika, hata kama watu wanatembea na majirani wanabadilika kila saa. Ni kitu kizuri sana, lakini kina ugonjwa wake: simu zote zinatumia hewa moja. Mbili zikiongea kwa pamoja hakuna inayosikika, kila moja inarudia, zinagongana tena, zinarudia tena, na foleni ya ujumbe inajaa ndani ya simu mpaka ule unaoingia unakosa pa kukaa. Ni msongamano kama ule wa Kitale siku ya soko, lori mbili zikikataana kwa kona na bodaboda zote zinaingia katikati.

Kwa hivyo kazi yangu kubwa ilikuwa kuzifundisha zile simu adabu. Simu isikilize kwanza kabla ya kuongea, na ikisikia foleni ya jirani imejaa, ipunguze mwendo. Ujumbe ambao imeshaupitisha isiupitishe tena, na ule wa mtu anayeomba msaada upewe njia, mingine ingoje. Haya yote niliyaweka mahali pamoja na kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima, nikayaita breki. (Mbona niliweka kitufe cha kuzima? Nimejiuliza hilo swali nikioga, nikipika, nikiwa kanisani.)

Ikapangwa siku ya kuonyesha watu. Tungefanya zoezi la uokoaji ukingoni mwa msitu juu ya Endebess: akina mama wa kanisa la nyumbani wajitolee kuwa waliopotea, wanafunzi wangu kutoka Bungoma wawe waokoaji, kila mmoja apewe simu ya mradi, na wageni wakae chini ya tenti kwenye uwanja wa shule wakiangalia skrini kubwa, wanaona kila mtu alipo kama kitone cha kijani na kila ujumbe unavyopita. Mamangu alikuwa wa kwanza kujitolea. Nilimkataza kwa sababu ya goti lake. Akaniambia ati goti ni lake na msitu anaujua kabla sijazaliwa.

"Si nitapotea tu kidogo," akasema.

Nikamwacha. Afande Ndiema, yule askari wa msitu aliyepewa kutulinda siku hiyo, aliwaonyesha akina mama mahali pa kujificha, si mbali na njia, akasema ndovu walikuwa wameonekana upande mwingine kabisa na hakuna mtu ashuke bondeni kwa mto. Mamangu alisikia hayo maneno kwa masikio yake mawili. Kumbukeni hivyo.

Asubuhi yenyewe tulifika mapema, baridi ya kule juu si mchezo, tukapanga simu zote mezani na nikazijaribu. Zilifanya kazi. Shida ni kwamba zilifanya kazi kwa heshima zake: unatuma ujumbe, skrini inakaa, inakaa, halafu kitone kinasogea polepole kama mzee anayeinuka kutoka kwa kiti. Mkuu wa chuo alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Hakusema vibaya, yeye si mtu wa kusema vibaya, aliuliza tu kama wageni wataona hivyo hivyo au kuna vile inaweza kuchangamka kidogo, maana mgeni wa kaunti ana mkutano mwingine Kitale na hatakaa sana. Nikasema hakuna shida. Nikafungua kompyuta yangu, nikaangalia kile kitufe, nikajiambia simu ni chache na eneo ni dogo, breki ya nini, nikaizima na kuzitumia simu zote mabadiliko hayo zikiwa bado pale mezani. Wafula alikuwa amepanda juu kufunga kamba za kuonyesha njia. Sikumwambia.

Mngewaona wale wageni. Skrini iliwaka kama Krismasi, vitone vinaruka, ujumbe unaingia kabla hata mtu hajatoa kidole kwa simu, askofu akavua miwani akaipangusa akaivaa tena, na mkuu wa chuo akaniinulia kidole gumba kutoka mstari wa mbele. Nikachukua spika ya mkononi nikaanza kueleza, na kwa vile nilikuwa nimeanza kujiskia mtu mkubwa, nikaongeza kwamba mtandao huu unaweza kubeba kila kitu, na kwamba wale watakaoingia msituni wasiogope kutuma, watume wanavyotaka. Zaidi ya hapo, kwa ajili ya zoezi nilikuwa nimefungua kila simu ionyeshe kila ujumbe, ili mwokoaji yeyote amsikie aliyepotea yeyote. Hilo pia kumbukeni.

Akina mama wakaingia msituni, wanafunzi wakawafuata baada ya muda, na ukungu nao ukaanza kushuka.

Mtu ambaye hajaona ukungu wa kule hawezi kuelewa. Hauji kama mvua unayoiona ikitoka upande fulani. Unageuka hivi unaona mti, unageuka tena hakuna mti, na sauti zinakuwa karibu na mbali kwa wakati mmoja. Wanafunzi wakaanza kuulizana walipo. Akina mama wakaanza kuuliza kama zoezi linaendelea. Kila swali likawa linarudiwa na kila simu, na kila simu iliyorudia ikasikiwa na nyingine ikarudia, kwa sababu ile kitu ya kuziambia simu "hii mmeshaisema" nilikuwa nimeitoa mimi. Sikuliona hilo kwa skrini. Kwa skrini kulikuwa na vitone vizuri vya kijani, vimetulia kabisa, na mimi nikawaambia wageni kwamba mnaona, watu wetu wametulia wanangoja uokoaji kwa utaratibu. Vitone vilikuwa vimetulia kwa sababu hakuna habari mpya iliyokuwa inafika. Nilikuwa nawaonyesha wageni watu mahali walipokuwa zamani.

Halafu ukaingia ujumbe kutoka kwa kikundi cha kwanza cha wanafunzi: "Mama amepatikana, tunakuja naye."

Mama gani, hawakusema. Lakini mimi moyo uliruka, nikachukua spika, na nasikia aibu hata kuwaambia nilivyojigamba, nikasema mabibi na mabwana, aliyepatikana wa kwanza ni mamangu mzazi, na kama mtandao huu ungekuwa wa mchezo singemtuma mamangu. Watu wakapiga makofi. Askofu akasema amina. Nikamwagiza mpishi ampakulie mama chai ya moto kabisa na mandazi, nikasimama kwenye mlango wa uwanja kumpokea, na wanafunzi wakatokea kwenye ukungu wakiwa wamemshika mkono mama mmoja mnene wa kwaya, anacheka, ananipungia leso.

Nikamuuliza mamangu yuko wapi. Akasema walikuwa karibu, lakini mamangu aliona pale walipofichwa ni rahisi sana kupatikana, akasema anashuka chini kidogo.

Chini ni bondeni. Chini ni kwa mto.

Nilirudi kwa skrini nikitembea, sikukimbia, nakumbuka nilijikataza kukimbia kwa sababu ya wageni. Kitone cha mamangu kilikuwa pale pale kando ya njia. Ndipo ukaingia ujumbe wake, na nikaona wakati ulioandikwa ulikuwa wa kabla wageni hawajanywa chai: "Nimeteleza. Mguu."

Basi tu. Wageni walikuwa wameshakunywa chai, vikombe vimeoshwa, hotuba mbili zimesomwa. Muda wote huo mamangu yuko chini mahali na mguu wake, na ujumbe wake umesimama kwenye foleni nyuma ya watu wanaotumiana vichekesho.

Nikawaza goti lake, nikawaza mto, nikawaza ile baridi, na juu ya hayo yote nikawaza (Mungu anisamehe) kwamba hawa wageni wasijue. Nikawapa mgongo, nikainamia simu, nikamwandikia Wafula aliyekuwa juu kwa njia: "Wafula nimempoteza mamangu, ameumia na sijui yuko wapi, mtandao umeharibika na ni mimi niliuharibu, njoo unisaidie tafadhali, usiambie mtu."

Nikatuma. Nyuma yangu tenti ikanyamaza.

Nilijua kabla sijageuka. Skrini kubwa iliuonyesha wote, kwa herufi kubwa, kama nilivyoiagiza ionyeshe. Halafu ukaja tena. Halafu tena, kupitia simu nyingine. Kila simu iliyobeba ule ujumbe iliurudisha, ukawa unapanda kwenye skrini mstari kwa mstari, usiambie mtu, usiambie mtu, usiambie mtu, na hata visimu vya akiba vilivyobaki mezani vikaanza kulia vikisema habari hiyo hiyo. Mgeni wa kaunti aliuliza mwenzake kama hii ni sehemu ya zoezi. Mkuu wa chuo alikuwa ameinuka. Aliniangalia tu, na ile huruma kwa macho yake ilinichoma kuliko angenifokea.

Hapo ningenyamaza ingekuwa nafuu. Lakini mtu akishikwa na woga anataka kufanya kitu, kitu chochote, na mimi nikashika spika nikaelekeza msituni nikapiga kelele kwamba kila mtu mwenye simu atume mahali alipo sasa hivi, na akimwona mamangu atume, na asipomwona pia atume. Najua. Mimi ndiye mwalimu wa somo hilo. Kama mwanafunzi angeniandikia hivyo kwa mtihani ningempa sufuri. Watu walinipenda, wakanitii, wote waliosikia wakatuma kwa pamoja, na ule mtandao ukafa. Kila simu ilikuwa inaongea na hakuna hata moja iliyosikika.

Wafula akatokea kwenye ukungu akihema. Ujumbe wangu ulikuwa umemfikia mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, lakini hakuna kitu kingine kilichokuwa kimemfikia tangu asubuhi. Aliangalia skrini, akaniangalia.

"Mwalimu," akasema polepole, "breki iko?"

Nikamwambia niliitoa. Alijaribu kuzitumia simu breki tena kutoka kwa kompyuta, na mimi nilijua haitapita kabla hajabonyeza, kwa sababu breki yenyewe nayo ilihitaji kupita kwenye hewa ile ile iliyoziba. Tukasimama hapo sote wawili tumeshika kompyuta kama watu walioshika sufuria inayoungua.

Afande Ndiema alikuwa anataka kuingia na vijana kutafuta bondeni. Akasema atafika, lakini bonde ni refu na ukungu huu mtu anaweza kupita hatua chache kutoka kwa mama bila kumwona. Halafu akasema kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie, kwamba ameona kinyesi kibichi juu ya ile njia ya mto. Sikumuuliza cha nini.

Na ndipo akili ikanirudia kidogo. Nikafikiria simu ya mamangu. Ile simu haijui kukata tamaa, ikikosa inajaribu tena, inajaribu tena, na kama iko hai, ina kitu inasema saa hii ila hatuwezi kuisikia kwa sababu sisi ndio tunapiga kelele. Hakuna kitu cha kutengeneza. Kuna kunyamaza.

Nikashika spika tena, na wakati huu ilibidi niseme mbele ya wote kwamba nilichowaambia mwanzo hakikuwa kweli. Nikasema kila mtu azime simu. Watu hawakuelewa. Yule mama wa kwaya akaniuliza, sasa tukizima si tutapotea sote, si ni wewe umetuambia tutume tunavyotaka. Alikuwa amesema kweli. Nikamwambia, "Nilikosea, mama. Zima, nakuomba." Akazima. Kwa wale walioko mbali zaidi ndani ya ukungu, ambao spika haiwafikii, tulipitisha neno kwa mdomo. Askofu mwenyewe alisimama kwenye mlango wa msitu na joho lake, akaambia mwanafunzi wa kwanza, yule akapanda akamwambia wa pili, zima simu, ambia aliye mbele yako, usipige kelele, hivyo hivyo mpaka likapotea juu kwenye ukungu. Tuliacha simu chache tu: yangu kwenye mlango wa msitu, ya Wafula kwenye kona ya njia, na ya afande pale njia inapoanza kushuka kwa mto, zimepangwa ziweze kusikiana, na tukakubaliana kwamba hakuna anayeandika hata herufi.

Halafu tukangoja. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikingoja. Wakati wa kelele angalau nilikuwa na kazi ya kufanya. Sasa nimesimama na simu kwa mikono miwili, maji yanadondoka kutoka kwa miti, umati mzima nyuma yangu umenyamaza, nikawa nasema moyoni kwamba isipolia ni kwamba betri imekwisha, na kama si betri ni yeye. Nilimwona mamangu asubuhi akijifunga leso juu ya sweta. Nikajaribu kukumbuka neno la mwisho nililomwambia, na lilikuwa ati asisahau kuchaji.

Simu ikalia.

Ulikuwa ujumbe wake. Ulikuja ule uliokwama, halafu mwingine, halafu mwingine, kwa mpangilio alioandika: "Mguu umevimba." "Nasikia maji chini yangu, niko kwa mwamba." "Njeri, nimeona ujumbe wako, usilie." "Njeri, simu inalia sana." "Kuna kitu kikubwa kinavunja miti." "Ni ndovu. Zima hiyo kitu." Na wa mwisho, maneno mawili tu.

"Njeri nyamaza."

Nilikaa chini kwenye tope. Mamangu alikuwa amelala na mguu mbaya chini ya mwamba, na kando yake ndovu, na mkononi mwake simu inayolia kila mara mimi ninapoogopa. Kila nilipotuma, na kila simu iliporudia nilichotuma, nilikuwa nampigia yule mnyama kengele.

Nilipanda mpaka kwa afande, naye alikuwa ameusoma pia, na pamoja na ujumbe simu ilikuwa imeleta mahali alipo mama, kitone kipya, mbali na kile cha zamani. Akanikubalia nimfuate, mimi na Wafula tu, tukiwa tumezima kila kitu, na akatuonya kwamba akiinua mkono tunasimama hata kama mguu uko hewani. Tulishuka lile bonde bila neno. Mara mbili aliinua mkono. Mara ya pili nilisikia matawi yakivunjika, si mbali, kwa utulivu, kama mtu anayekula muwa akiwa hana haraka, na kwenye ukungu kukawa na mahali palipokuwa peusi kuliko pengine, pakubwa kama nyumba yetu ya mahindi, na pakasogea. Wafula alinishika mkono. Sijui alikuwa ananituliza mimi au anajituliza mwenyewe. Tulikaa hivyo mpaka ule weusi ukaenda upande wa juu na matawi yakaanza kuvunjika mbali zaidi, na hata hapo afande hakushusha mkono upesi.

Tulimkuta mamangu amekaa. Alikuwa amevua sweta, akaifunga simu kwa leso, akaifunga tena kwa sweta, akaikalia. Alikuwa anatetemeka meno. Nilipiga magoti nikamshika uso.

Akaninong'oneza, "Nilisoma ile yako. Imekuja mpaka nimeishika kwa kichwa." Akapumua. "Mimi sijaambia mtu."

Hapo ndipo nililia.

Tulimpandisha kwa machela, ile ile iliyoletwa kwa ajili ya mchezo, na mguu ulikuwa umeteguka tu, haukuvunjika, hivyo ndivyo daktari wa Kitale alivyotuambia baadaye. Lakini aibu haikuwa imeisha. Tulipotoka msituni wageni walisimama wakapiga makofi, na yule mgeni wa kaunti (hakuenda kwa ule mkutano wake) akanishika mkono kwa nguvu akasema hajawahi kuona zoezi la kweli kama hili, ati hata machozi ya mwalimu yalionekana ya kweli, na ule ujumbe wa usiambie mtu ulikuwa ubunifu mkubwa.

Niliona mlango wa kutokea. Mkuu wa chuo aliuona pia, nilimwona akiinamisha macho. Ningenyamaza tu, ningepewa hata cheti. Lakini mamangu alikuwa amelala kwenye machela akiniangalia, kwa hivyo nikachukua ile spika kwa mara ya mwisho nikawaambia kwamba halikuwa zoezi, kwamba mtandao ulifanya kazi vizuri mpaka asubuhi ya leo nilipoondoa kitu kinachozifanya simu zingojane, na niliondoa ili uonekane una kasi mbele yao, na mtu karibu afe. Nyuma yangu kompyuta ilikuwa imeanza kupumua, ikawa inatoa ujumbe uliobaki kwenye foleni yake, na wakati nasema hayo maneno skrini ikaonyesha tena, polepole, nimempoteza mamangu, ni mimi niliuharibu, usiambie mtu. Wafula ndiye aliyeikimbilia akang'oa waya.

Hakuna aliyepiga makofi. Askofu aliomba maombi marefu ya shukrani ambayo jina langu lilitajwa vibaya kidogo, watu wakaenda nyumbani.

Sikufukuzwa kazi, na nilishangaa. Tulirudi Bungoma, nikakitoa kile kitufe cha kuzima breki, kabisa, hata mimi mwenyewe siwezi kuizima, na tumefanya majaribio mengine huko Ndalu kwenye mashamba ya mahindi, ujumbe unakwenda polepole na unafika. Nikiwa darasani mwanafunzi akiniuliza kwa nini tunaifanya simu ingoje wakati ina nguvu ya kutuma, huwa najibu swali lake vizuri, kwa hesabu na michoro, lakini kabla ya kujibu naugeukia ubao kwanza, na wao hufikiri natafuta chaki.

Nimeapa mambo mawili. Sitaguza kitu kinachofanya kazi kwa sababu mgeni ana haraka, awe wa kaunti, awe wa mbinguni. Na mamangu hatapotea tena, si kwa kweli na si kwa mchezo, nilimwambia hivyo nikimpaka dawa mguuni, na yeye akasema sawa mwanangu, nimekuskia. Juzi Wafula amenipigia simu kutoka Endebess, alikuwa amekwenda kupanga zoezi lijalo. Ameniambia kwa ile sauti yake ya kuchagua maharagwe kwamba akina mama wa kanisa wamejitolea tena, na kwamba wa kwanza kujitolea anatembea akichechemea kidogo, na amemwomba asiniambie.